Wageni Weupe Wenye Macho Mekundu

Ukishuka Kibiti leo ukauliza nyumba ya kina Tatu, watakuambia uchague, maana kina Tatu tuko wengi, lakini ukiuliza nyumba ya yule daktari aliyevunja arusi kwa neno moja, hata mama muuza vitumbua pale stendi ataacha kikaango chake motoni aje akuelekeze mwenyewe, tena akicheka njia nzima. Yule daktari ni mimi. Na kwanza si daktari, sijawahi kuwa daktari, na wala arusi haikuvunjika (bibi harusi mwenyewe ana watoto sasa), lakini aibu ile ni yangu kweli, siikatai, na kwa kuwa mmeshaisikia kwa watu wengine ikiwa na chumvi nyingi, afadhali leo muisikie kwa mwenyewe.

Wakati huo nilikuwa mjini, nafanya kazi kwenye maabara ya chuo. Ngoja niieleze kazi yenyewe taratibu, maana si ngumu kama jina lake. Watafiti wetu walikuwa wakijaribu kutibu uvimbe kwa umeme, na waliojaribiwa walikuwa panya, wale weupe wa maabara, wapole, wanaokaa mkononi kama kifaranga. Panya mwenye uvimbe analazwa kwa dawa ya usingizi, halafu unamchomeka sindano mbili nyembamba kama unywele kwenye uvimbe wake, unapitisha umeme mdogo sana, mdogo kuliko hata ule wa kuwashia tochi. Umeme ule ukipita kwenye majimaji ya mwili, penye sindano moja panageuka pachachu kama umekamulia ndimu, na penye sindano ya pili panakuwa kama umemwagia magadi, na chembe za uvimbe zikikutwa na ukali wa namna hiyo hazina pa kukimbilia, zinakufa. Uvimbe mwingine ulisinyaa mpaka ukatoweka, mwingine ulisinyaa ukarudi, na wapo panya ambao hawakuamka kabisa. Ndivyo utafiti ulivyo, unauliza swali leo na jibu linakuja likitaka, huku wewe unaendelea kufagia vizimba. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwalisha, kuwapima, kuwashika wasihangaike, na kukaa nao mpaka wazinduke, na niliipenda.

Sasa na jambo la pili mlijue mapema, kwa sababu ndilo lililonimaliza. Marehemu bibi yetu, aliyeijenga ile nyumba yetu ya Kibiti, alikuwa na sheria yake: panya hatajwi kwa jina penye mpunga. Alisema panya ana masikio makubwa kuliko akili, ukimtaja anadhani anaitwa, na akija haji peke yake. Kwa hiyo kwetu panya aliitwa mgeni. "Wageni wametoboa gunia la pembeni." "Tega mtego, jikoni kuna mgeni." Nimekua nikijua hivyo, na nilipoanza shule mwalimu akatuuliza mgeni ni nani, nikanyoosha mkono nikajibu kwa sauti kwamba mgeni ni mwenye mkia anayekula mpunga usiku, darasa zima likacheka na mimi nikawashangaa wao. Hata kule maabara, nikiingia asubuhi, nilikuwa nawasalimu: "Wageni, mmeamkaje?"

Basi akaolewa Asha, binti wa Shangazi Somoe. Shangazi Somoe ni dada wa baba yangu na ndiye aliyenilea, ndiye aliyenifundisha kuamia ndege kule bondeni Mkongo, tukipanda naye juu ya dungu, lile jukwaa la miti la kulindia mpunga, ananipa kigoma cha debe nipige huku yeye ananisimulia habari za watu waliokufa zamani kama vile wamepita jana kusalimia. Nikikumbuka sauti yake juu ya mpunga ulioiva nahisi harufu yake mpaka leo, harufu ya majani mabichi na moshi wa kuni. Kwa hiyo arusi ya Asha ilikuwa arusi ya mdogo wangu, nikaomba ruhusa kazini nikaja.

Bwana harusi ni wa Ikwiriri. Siku ya arusi wanawake wa kwao wakafika, wakapewa chumba kikubwa cha nyumba ya bibi, chumba kile kile tunachowekea mpunga, magunia yamepangwa ukutani mpaka karibu na dari, na mimi kama binti wa nyumba nikaketishwa nao kwenye sinia ili wasile peke yao. Karibu yangu alikuwa Bi Kuruthumu, mama wa bwana harusi, mwanamke mkubwa mwenye heshima zake, bangili mpaka kwenye kiwiko, anayekula taratibu na kuuliza taratibu.

"Mwanangu, tunasikia wewe uko mjini. Kazi yako hasa ni ipi?"

Hapo ndipo nilipoamua kile kitu kidogo. Mbele yangu sinia la pilau, nyuma yangu mpunga wa bibi. Kumtaja panya kwenye chakula cha wakwe ni kukosa adabu, na kumtaja penye mpunga ni kumsumbua bibi kaburini. Nikalitumia neno letu la nyumbani, tena nikajiona nina malezi mazuri.

"Tunatibu uvimbe kwa umeme, mama. Tunawatibu wageni."

"Wageni!" Akaacha tonge hewani. "Wa kutoka wapi?"

"Asili yao Ulaya. Wa kwanza waliletwa kwa ndege."

"Weupe?"

"Weupe pee, na macho mekundu."

"Jua letu hilo," akasema mwanamke mwingine kwa huruma. "Hawaliwezi."

"Jua hawalioni kabisa. Tunawaweka ndani, chumba kimoja wengi, mradi wapate chakula."

"Hawagombani?"

"Wanaume wakizidi wanagombana, mama. Wanang'atana hasa, inabidi tuwatenganishe."

"Pombe hiyo," akasema Bi Kuruthumu, akatikisa kichwa. "Na huo uvimbe unapona kweli?"

"Unasinyaa. Unakuta uvimbe mkubwa, baadaye unautafuta huuoni." (Ile nusu ya pili, ya wale waliorudiwa na uvimbe na wale wasioamka, ilikuwa inakuja, lakini nilikuwa nimetia nyama mdomoni, na nilipomeza walikuwa wameshaniuliza lingine.)

"Wakipona wanarudi kwao?"

"Hawarudi, mama. Wanaishia hapa hapa."

"Nchi imewapendeza," akasema Bi Kuruthumu, na sote tukaitikia alhamdulillahi tukaendelea kula.

Mtaniuliza, Tatu, na macho mekundu yote yale hukushtuka? Sikushtuka. Neno ulilokua nalo hulisikii kwa masikio ya mtu mwingine, na mimi nilidhani kila nyumba yenye mpunga ina wageni wake. Nilipoulizwa habari za chumba na chakula nilifurahi kwamba nimepata watu wanaojali wanyama.

Shangazi Somoe hakuwepo kwenye lile sinia, alikuwa uani na masufuria. Angekuwepo angecheka pale pale na mkasa ungeishia hapo. Lakini alikuja kupewa habari baadaye na Bi Kuruthumu, na Bi Kuruthumu hakumpa neno langu, alimpa maana aliyoipata yeye. Neno lilitoka kwangu likiwa mgeni, likamfikia shangazi likiwa mzungu, na usiku ule ule simu zikalifikisha mbali.

Siku iliyofuata, bwana harusi akiwa fungateni ndani ya nyumba yetu, ndugu zake walirudi kama ilivyo desturi, kuleta vyakula, kula, na kutania. Mimi asubuhi ile nilimsindikiza rafiki yangu stendi, nikachelewa kidogo kwa maneno ya kuagana, na niliporudi nikakuta uani kumejaa watu kuliko hata siku ya arusi. Turubai lilikuwa bado limetundikwa, mikeka imetandikwa, na kwenye mikeka wameketi watu wazima nisiowajua, wametulia kama watu waliokuja kusikiliza hukumu. Mmoja alikuwa na rovu shingoni, mwingine amefunga mguu kwa kitambaa. Nikapita nasalimia, shikamoo huku, shikamoo kule, na kila mmoja ananiitikia, "Marahaba, daktari." Nikasema moyoni, leo watani wameamka mapema.

Na kweli watani walikuwepo. Kiongozi wao alikuwa Mzee Mbonde, Mmatumbi wa milimani aliyehamia kwetu zamani, mtani wetu wa kuzikana, mtu ambaye kwenye msiba wa bibi yetu alilala juu ya kitanda cha marehemu akagoma kuinuka mpaka apewe jogoo. Huyu alikuwa na busha, na busha lake lilikuwa halifichwi, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kulitania. Ameketi kwenye kiti mbele ya wote, msuli wake umepangwa vizuri.

"Daktari," akaniambia, "mimi nianze au nisubiri?"

Sufuria la chai lilikuwa linachemka pale, na vitumbua vimefunikwa kwa ungo. Mimi nikajua anaulizia chai.

"Wewe anza, mtani! Mwenye mzigo mkubwa ndiye anayetangulia."

Watu wakacheka, nikacheka nao, nikaona nimemjibu mtani kama inavyotakiwa. (Mkiona mtu anacheka na umati bila kujua unachekea nini, mhurumieni.)

Nikasikia shangazi ananiita kutoka chumba chake. Nikaingia. Alikuwa amekaa kitandani, kanga moja ameifunga kifuani, nyingine mabegani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua kuni baada ya njia ndefu. Akafunga mlango, akanishika mkono, akauweka pembeni ya titi lake la kushoto. Kulikuwa na kitu. Kigumu, hakisogei, kama kokwa ya embe chini ya ngozi.

"Nimekificha tangu vuli," akasema. "Hospitali wameniambia niende Dar es Salaam nikakatwe. Nikasema nimuoze Asha kwanza. Na kusema kweli, mwanangu, hata baada ya Asha nisingekwenda. Kisu nakiogopa. Lakini ona Mungu alivyo, dawa imekua ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nimeibeba mgongoni, na sikujua. Siendi tena. Nitie huo umeme wako."

"Umeme gani, shangazi?"

"Unaowatibia wazungu."

"Wazungu gani?"

"Si wale weupe, wenye macho mekundu? Wanaong'atana? Mkwe wangu kanieleza yote."

Jamani. Yale maneno yangu ya kwenye sinia yalinirudia moja moja, chumba, chakula, wanaume wakizidi, na kila moja limevaa kofia ya mzungu. Lakini lililonikata si aibu, aibu ilikuwa bado iko njiani inakuja. Kilichonikata ni lile neno "siendi tena". Ile kokwa ilikuwa bado chini ya vidole vyangu, nimeona uvimbe wa kutosha kujua kwamba huo haungoji mtu, na yeye alikuwa ananiangalia kwa macho yale yale aliyokuwa akiniangalia nayo juu ya dungu, ya kuniamini.

Nikafungua mdomo nimweleze, na hapo hapo nikasikia sauti kutoka nje, sauti ya Shaibu, shemeji yake Asha, fundi wa sola wa Ikwiriri.

"Mzee, tulia. Nyekundu ndiyo chanya. Daktari si amesema wewe uanze? Tunampunguzia kazi tu."

Nikatoka mbio. Nikamkuta Shaibu amechuchumaa mbele ya Mzee Mbonde, pembeni yake betri ya sola, mikononi waya mbili zenye meno ya kubania, moja nyekundu, moja nyeusi, na Mzee Mbonde amefumba macho, ameushika msuli kwa mikono miwili, anasoma dua. Betri ile haiui mtu, lakini mahali pale pa mwanadamu, ndugu zangu, hapajaribiwi na meno ya waya.

Ningeweza kusema "Acha!" Ningeweza kusema "Subiri!" Lakini kichwa changu kizima kilikuwa kimejaa neno moja, lile nililolimeza jana, nilitaka Shaibu ajue ninaowatibu ni nani, na likatoka lote kwa nguvu zote nilizonazo:

"Panya! Ni panya! Ni panyaaa!"

Mwaka huo mvua zilikuwa zimewafukuza panya buku mashambani, wameingia majumbani, na hakuna mwanamke pale uani ambaye hakuwa na kisa nao. Waliinuka wote kwa pamoja. Kanga juu, viatu huku, watoto kule. Mtu mmoja akapiga teke ungo wa vitumbua, mwingine akakimbilia nguzo ya turubai akaikumbatia, nguzo ikang'oka, na turubai likashuka taratibu, kwa heshima kabisa, likawafunika wazee wa Ikwiriri waliokuwa wanakunywa chai. Bi Kuruthumu, na unene wake na bangili zake, aliruka (nilimwona kwa macho yangu) akasimama juu ya kinu cha kutwangia, kinu kikayumba, naye akabaki pale amekunja kanga mpaka magotini anasema, "Kiko wapi? Kimepita wapi?"

Na hapo bado. Bwana harusi alikuwa na binamu zake waliotoka Dar es Salaam, vijana wenye miwani ya jua, ambao kwao neno panya si mnyama, ni wale wahuni wa mapanga wanaopora kwa makundi. Waliposikia "panya" na kuona watu wanakimbia hawakuuliza la pili, wakatokea mlango wa nyuma, wakashika njia ya lami wakipiga kelele, "Panya wamevamia arusi!" Basi mtaa mzima ukaja. Walikuja na marungu, na mipini ya majembe, na mtu mmoja alikuja na upinde wa babu yake usio na mishale, wakaingia uani wakawakuta wazee wanajikokota chini ya turubai na Shaibu ameshika waya, wakamzunguka Shaibu.

"Si yeye!" nikasema. "Mwacheni! Hakuna aliyevamia! Ni panya wangu mimi!"

"Wako wewe?" akauliza mwenye upinde.

Ndipo nikajikuta nimesimama mbele ya watu wote wale, wenye marungu na wenye uvimbe, wakwe na majirani, natoa somo. Niliwaeleza polepole kama ninavyowaeleza nyinyi, kwamba nafanya kazi maabara, kwamba ninaowahudumia ni panya weupe wadogo, kwamba kwetu panya ni mgeni kwa sababu ya bibi na mpunga wake, kwamba jana sikutaka kumtaja kwenye chakula cha wakwe. Nikaeleza sindano mbili, nikaeleza ndimu na magadi. Nilipomaliza ukasikia chai inachuruzika mkekani.

Mzee Mbonde akafungua jicho moja.

"Kwa hiyo, mtani," akasema, "jana mkwe wetu amekula pilau lote lile huku anasimuliwa habari za panya."

Bi Kuruthumu, bado juu ya kinu, akaziba mdomo. "Na mimi nimewasifu!" akasema. "Nimesema nchi imewapendeza!"

Hapo watu wakacheka. Si kucheka kwa kawaida, watu walilala chini. Mwenye rovu alicheka mpaka akakohoa, mwenye upinde akauegemea upinde wake, na "daktari wa panya" likazaliwa pale pale, Mzee Mbonde ndiye aliyelitia jina na kulisomea. Wengine hawakucheka. Yule aliyefunga mguu kwa kitambaa aliinuka akaniambia, "Binti, nimetoka Mloka kwa ajili yako," akaondoka bila kunywa chai, na neno lile liliniuma kuliko vicheko vyote. Nilimkimbilia mpaka barabarani nikamwomba radhi, nikamwelekeza pa kwenda kutibiwa kidonda, akanisikiliza lakini mkono hakunipa.

Niliporudi nikamkuta shangazi amesimama mlangoni na kanga zake mbili. Alikuwa amesikia yote.

"Tatu. Sema tena. Ni panya?"

"Ni panya, shangazi."

"Na wanapona?"

"Wengine. Wengine unarudi. Wengine hawaamki. Ndiyo kwanza tunajifunza, na tunaanza na wao ili tusimwonee mtu. Kwetu sisi mtu bado hajafikiwa. Mtu anakwenda hospitali."

"Kwa hiyo wewe dawa huna."

Sijawahi kutoa jibu zito kama lile. "Sina," nikasema. "Ila nitakwenda na wewe. Nitakaa nje ya mlango mpaka utoke."

Akawatazama wale watu waliokuja na mizigo yao bila kuificha, akamtazama Mzee Mbonde na msuli wake. Halafu akashuka ngazi, akaketi kwenye mkeka uliolowa chai, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Basi na mimi ninacho. Kiko hapa," akajishika kifuani.

Nilisikia pazia la chumba cha fungate linavutwa, Asha akatoka mbio na hina yake mikononi, hata ushungi hana, akaanguka mapajani kwa mama yake. "Mama! Na uliniacha nicheze ngoma?"

"Ningekwambia usingecheza," shangazi akamjibu. "Nyamaza. Panya mdogo vile anachomekwa sindano analala na kuamka, mimi mama yako nitakishindwa kisu?"

Wa kwanza kumsogelea alikuwa Bi Kuruthumu, ameshuka kinuni. Nilidhani anakuja kunigombeza. Akapita mbele yangu kama sipo, akaketi kando ya mkwe wake, akavua bangili zake moja moja kama mtu anayejiandaa kufua. "Mkwe," akasema, "tunakwenda wote. Mimi sijui hospitali, lakini kukaa na mtu najua."

"Nami nipakieni," akadakia Mzee Mbonde. "Mwenye mzigo mkubwa ndiye anayetangulia, daktari kasema mwenyewe."

Tulikwenda wiki ile ile, gari moja, shangazi katikati yetu, Bi Kuruthumu dirishani, mtani kiti cha mbele akilalamika kila tuta. Mzee Mbonde alifanyiwa upasuaji wake mdogo, akarudi Kibiti amepungua umaarufu, na akanilaumu kwa hilo maisha yake yote. Shangazi alikatwa titi. Nilikaa nje ya mlango kama nilivyosema, na nilipoingia alikuwa na usingizi bado, midomo mikavu, nami nikafanya kile ninachokijua, nikakaa naye mpaka azinduke. Alipofumbua macho akauliza kama Asha amekula.

Aliishi miaka mingi baada ya pale. Alirudi Mkongo kulima, akapanda juu ya dungu lake na kovu lake, na alipokufa juzijuzi alikufa kwa uzee na presha, wala si kwa ile kokwa. Mimi maabara niliendelea nayo kwa muda, kisha nikaja kufundisha baiolojia huku huku nyumbani, na wanafunzi wangu wanajua kwamba kwangu kila kitu huitwa kwa jina lake, hata kama mtu anakula, hata kama chumba kimejaa mpunga. Bibi anisamehe. Kiapo hicho sikivunji.

Lakini aibu yenyewe nimeshindwa kuizika, kwa sababu shangazi aliichukua akaifanyia kazi. Akisikia kuna mwanamke anaficha kitu, awe Kibiti au Ikwiriri, alikuwa anamwendea, anaketi jikoni kwake, anamsaidia kuchambua mchele, anamsimulia mkasa wangu wote tangu macho mekundu mpaka Bi Kuruthumu juu ya kinu, tena akiniigiza sauti. Na yule mwanamke akishacheka mpaka machozi, amelegea, hana tena nguvu ya kuficha, shangazi alikuwa anamwekea mkono begani na kumuuliza taratibu:

"Haya, mwenzangu. Na wewe chako kiko wapi?"